Kwa Nini Mti wa Mchangani Hauna Jina

Sogeeni karibu na chungu. Anayemenya ming'oko aendelee kumenya, viazi pori havijimenyi vyenyewe, na mikono haisikilizi hadithi, masikio ndiyo ninayoyataka. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kelele.

Mnaujua ule mti mfupi wa msitu wa mchangani, unaomzidi mtu mzima kidogo tu, wenye makovu shina zima. Wiki iliyopita wataalamu wa mimea walikuja na gari, wakaupiga picha hadi chini ya majani, wakaniuliza, "Bibi, huu mnauitaje?" Nikawaambia hauna jina. Wakafurahi mno, wakasema basi ni mti mpya. Mpya! Bibi wa bibi yangu aliukuta. Hawakuuliza kwa nini hauna jina, walikuwa na haraka. Ninyi hamna haraka, kwa hiyo nitawaambia.

Zamani miti ilikuwa ikiitwa kwa majina, nayo ikiitika. Mwanamke akienda kuchimba ming'oko alipiga hodi pembeni mwa msitu, akautaja mti anaotaka kupumzika chini yake, nao ukajibu, "Abee," naye akaifuata sauti. Mti ule mfupi ulikuwa na jina zuri, uliitwa Nanjota, na ulijaa kila msitu wa pwani kutoka Rufiji hadi Ruvuma. Shina lake lilikuwa laini, halina alama yoyote. Maua haukuwa nayo.

Zamani hizo hizo Ndui naye alikuwa akitembea kwa miguu yake. Hakuwa na makelele. Alipita nyuma ya nyumba, akasikiliza mama anavyomwita mwanawe, akalishika jina. Kesho yake alirudi, akasimama mlangoni, akaita kwa sauti ya upole. Mtoto akiitika, basi tena. Ndui alimgusa kwa ncha za vidole mwili mzima, na wengi hawakupona.

Palikuwa na mama mmoja, jina lake Somoe. Ndui alimwitia watoto watatu, mmoja baada ya mwingine. Alipozaa wa nne, mtoto wa kike, Somoe aliapa kwamba hatampa jina. Hakumwita, hakumbembeleza kwa jina, akitaka kumnyonyesha alimnyanyua kimya kimya. Ndui alipita nyuma ya nyumba siku nyingi, hakusikia kitu, akaenda zake.

Lakini jamani, mtoto haishi kwa maziwa tu. Yule mtoto hakukua. Mvua za mwaka wa kwanza zikapita, za mwaka wa pili zikapita, hajasimama, hajacheka, hageuzi shingo mtu akiingia. Mama mkwe wake Somoe akamwambia waziwazi, "Mwanangu, mtu asiyeitwa atajuaje kwamba yupo? Ukimwita utamkosa, na usipomwita utamkosa vilevile." Somoe alilia mpaka macho yakavimba, kwa sababu alijua ni kweli.

Asubuhi yake alikwenda kuchimba ming'oko, mtoto mgongoni. Akamlaza chini ya Nanjota mmoja, mahali alipozoea kumlaza, akachimba huku machozi yakidondokea shimoni. Somoe alikuwa mchimbaji mwenye adabu. Hakuwahi kukata mizizi ya mti ili aufikie mng'oko, na kila shimo alilifukia. Wako wanaochimba na kuacha mashimo kama nguruwe pori, nami nawajua, wengine wamekaa hapa hapa wananitazama. Basi ule mti ulikuwa ukimwona Somoe miaka yote ile, na ulikuwa umempenda.

Ukamwambia, "Somoe, mpe mwanao jina langu. Ndui akija kuliita, nitawahi kuitika mimi."

Somoe akasema, "Utaugua."

"Mimi nina mizizi," mti ukajibu. "Yeye ana wewe tu."

Somoe akapiga magoti mchangani, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanawe. "Nanjota." Mtoto akageuza shingo, akamtazama mama yake usoni, akacheka. Jamani, Somoe alisahau dunia! Akaita tena, na tena, kwa sauti, msitu mzima ukasikia. Na Ndui akasikia.

Safari hii hakungoja kesho. Alisimama pale pale penye miti, akaita kwa upole wake, "Nanjota." Mtoto akafumbua mdomo. Kabla hajatoa sauti, mti ukaitika, "Abee!" Na kila mti wa jina hilo, wa msitu ule na wa misitu yote ya pwani, ukaitika pamoja nao. Ndui haoni vizuri, yeye hufuata sauti. Akaligusa shina la kwanza, la pili, akaendelea msitu hadi msitu, siku nyingi, mpaka akaamini kwamba kila Nanjota aliyepo duniani amekwisha kumgusa. Hakurudi tena kwa Somoe.

Miti ikaugua vibaya. Majani yalipukutika, mashina yakatoka malengelenge. Kule Rufiji ikafa yote, kule Ruvuma ikafa yote. Hapa kwetu Somoe hakukubali. Aliiuguza kama mnavyomuuguza mtu. Asubuhi alikuja na mtungi wa maji kichwani, mchana akaisogezea mchanga wa baridi mizizini, jioni akakaa nayo tu, mtoto mapajani, ili isiugue peke yake. Siku ya arobaini malengelenge yakapasuka, na badala ya usaha kila kidonda kikatoa ua jeupe, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga, limekaa juu ya shina lenyewe. Somoe akacheka, akalia, akacheka tena. Akataka kuurudishia mti jina lake, lakini alipouita haukuitika. Jina ulikuwa umekwisha kulitoa.

Na tangu siku hiyo mti wetu una makovu, na maua yake hutoka kwenye makovu, si kwenye matawi. Miti mingine ilipoona yaliyoupata iliogopa, ikaacha kuitika, ndiyo maana leo ukiuita mwembe watu watasema umerukwa na akili. Jina lilibaki kwa mtoto, naye akampa mjukuu wake, mjukuu akampa wa kwake, hadi likanifikia mimi. Wale wataalamu walikuwa wakiniita nalo kutwa nzima, "Bi Nanjota, tunaomba maji."

Na tangu siku hiyo, msimu wa kufyeka mashamba ukifika, wanawake wa hapa huenda msituni, kila mmoja akaketi chini ya mti mmoja mpaka wafyekaji wapite. Hakuna mwanamume atakayeinua panga juu ya kichwa cha mama wa mtu. Wanaofyeka mashamba ya ufuta wanaanza kesho. Miti imebaki kumi na saba. Sisi nasi tulikuwa kumi na saba, lakini mwaka huu tumemzika Bi Hadiya, tumemzika Bi Sikuzani, na tumemzika dada yangu. Basi, wajukuu zangu, nataka watatu.