Ukurasa wa Mwisho wa Subilaga

Hapo zamani, na nikisema zamani simaanishi enzi za sungura kuongea, maana watu hawa walikuwa na simu mifukoni, paliishi mzee mmoja katika milima ya Tukuyu, kule ambako mvua haisubiri msimu. Jina lake Asajile. Mnanisikia huko nyuma? Asiyesikia asogee, mkeka bado una nafasi, na hadithi yenyewe ni ya masikio.

Asajile hakujua kusoma. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake. Ukubwani alifanya kazi kwenye mashine za kiwanda cha chai, zinazonguruma toka asubuhi hadi jioni. Hakuona shida, kwa sababu mkewe, Subilaga, alijua kusoma kwa niaba ya wote. Kila jioni baada ya chakula mama huyo alikaa jikoni karibu na moto, akasoma kwa sauti, na mumewe na watoto wao wawili, Ambokile na Tusekile, wakasikiliza. Alikuwa na sheria moja tu. Akifika ukurasa wa mwisho, alitazama huku na huku. Kama kuna mtu hayupo, hata kama ametoka kuchota maji tu, alifunga kitabu.

"Mwisho ni wa nyumba nzima," alisema.

Watoto walinuna, wakamwita mwenzao kwa makelele mpaka majirani wakatoka nje kutazama kuna nini. Lakini sheria ilibaki sheria.

Basi watoto wakakua, wakaondoka. Ambokile akaenda Dar es Salaam, Tusekile akaenda Dodoma. Subilaga akabaki na mumewe, akaanza kumsomea kitabu kingine, chenye jalada la kijani. Akafika ukurasa wa mwisho, akatazama huku na huku, akaona viti viwili havina watu. Akafunga kitabu.

"Watakuja Krismasi," alisema. Krismasi haikumkuta.

Baada ya matanga watu walitawanyika, kila mtu na safari yake, na Asajile akabaki na nyumba iliyonyamaza. Upweke ule, jamani, usikieni kwa wengine tu. Alikuwa anakula amesimama. Aliacha kuwasha moto jioni, maana moto wenyewe ulimkumbusha sauti. Kitabu cha kijani kilikuwa juu ya kabati, na ukurasa wake mmoja haujasomwa.

Ndipo akapata wazo. Aliwaza hivi: wanangu walipenda vitabu, nikiwatengenezea chumba cha vitabu, watarudi kusoma. Ni wazo la mtu mpweke. Mtu mwenye watu angewaza jingine.

Jirani yake alikuwa Lugano, mama mjane aliyeuza ndizi sokoni. Yeye alikuwa amemaliza darasa la saba, basi Asajile akamwomba awaandikie watoto ujumbe kwenye simu: Baba anatengeneza chumba cha vitabu, njooni.

Ambokile alipoambiwa njoo, alituma boksi la vitabu. Akaambiwa tena njoo, akatuma boksi jingine. Kila akiambiwa njoo, basi lilishusha boksi pale stendi. Asajile alikwenda kulipokea, akalibeba begani, lakini hakuondoka mpaka abiria wa mwisho ameshuka.

Tusekile alipoambiwa njoo, alikuja. Alichukua likizo yake yote. Akavikuta vitabu vimelundikwa chini, vimeanza kuota ukungu kwa unyevu. Alikuwa na mbao alizonunua kwa ajili ya dari ya nyumba yake mwenyewe kule Dodoma. Akazisafirisha kwa lori, akatengeneza rafu ukuta mzima, akaziacha mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Chini ya dirisha akaweka benchi pana. Akashona mito kwa vitenge vya mama yake, akaleta blanketi zito la kufunika magoti, akapanga viti vinne.

"Viti vinne, Baba, kama zamani," alisema. "Na hii rafu ya juu kabisa tuiache wazi. Ni ya vitabu tutakavyovimaliza."

Likizo ikaisha, akaondoka, akaahidi kurudi. Miaka ikapita. Kila Jumapili alipiga simu. Baba yake aliipokea, akaiweka sikioni. Zile mashine za chai zilikuwa zimemla masikio, la kulia likafa kabisa, la kushoto likabaki na uhai kidogo tu, na simu halikuiweza. Hakusikia kitu. Alisema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo, mwanangu," kisha akakata. Tusekile alidhani wameongea.

Haya. Sasa Asajile ana maktaba. Jua likitoka aliviweka vitabu nje kwenye jamvi, akavianika kama watu wanavyoanika kahawa. Jioni alivirudisha, akavipanga kwa rangi, maana herufi hazikumwambia kitu. Kisha aliketi katikati ya maneno yote yale, na hakuna hata moja lililomsemesha. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Huyu alivumilia mpaka mbivu zikaoza.

Lugano alimwona kupitia dirishani. Naye nyumbani kwake hakuwa na wa kumwambia karibu. Akaingia, akafuta miguu mlangoni, akaketi kwenye benchi, akachukua kitabu. Toka siku hiyo, kila akitoka sokoni alimsomea, mdomo karibu na sikio la kushoto. Akifika ukurasa wa mwisho, Asajile aliweka kiganja juu ya kitabu.

"Mwisho ni wa nyumba nzima," alisema.

Kitabu kikarudi rafuni. Na cha pili vilevile. Na cha tatu vilevile. Chumba kikajaa hadithi zisizokwisha: mabibi harusi hawajafika kwenye harusi zao, wezi hawajakamatwa, na kuna msafiri mmoja mpaka leo amesimama mlangoni kwao, hajabisha hodi. Rafu ya juu ilikaa tupu.

Sikio lilizidi kuziba, Lugano akazidi kupaza sauti. Mwishowe sauti yake ikakwaruza, ikakatika. Sokoni hakuweza tena kuwaita wateja. Aliinua chane la ndizi juu tu, anayemwona amwone. Ndipo akawaandikia watoto wa Asajile, safari hii kwa maneno yake mwenyewe: Sikio lililobaki linakufa. Mkichelewa, mtamkuta baba yenu lakini hatawasikia tena.

Wakaja. Wote wawili, basi moja. Asajile alikuwa stendi, akamwona abiria wa mwisho akishuka, na abiria wa mwisho alikuwa mwanawe. Alilia palepale mbele ya wapiga debe, wala hakuona haya.

Mchana ule wakakaa kwenye chumba cha vitabu, chai mezani, mvua juu ya bati. Asajile akakaa kiti chake, watoto wakakaa vyao. Kiti cha nne, kile cha Subilaga, akamwonyesha Lugano kwa mkono. Kisha akakileta kitabu cha kijani.

"Nyumba nzima ipo," alisema. "Mmoja wenu anisomee. Mmoja tu, sikio langu halibebi wengi. Kabla halijafa, nataka kujua hadithi hii iliishaje."

Mmoja tu! Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Lakini hawa walikuwa watu waliolelewa. Mbele ya mzazi hupazi sauti wala hukunji uso. Basi waligombana kwa adabu, kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, na kila aliyesema alikichukua kitabu akakishika wazi mikononi.

"Nitasoma mimi," alisema Tusekile. "Mbao za dari yangu ndizo hizi. Kwangu nikilala natazama bati. Na wote mnajua sauti yangu ni ya mama. Wewe kaka ulituma maboksi. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Ambokile akachukua kitabu. "Bila maboksi yangu ungepanga nini kwenye rafu zako? Tena nikwambie usilolijua. Kila kitabu nilikisoma kwanza, nikaona kama mama angekipenda. Na kila kimoja niliacha ukurasa wa mwisho. Niko peke yangu kwenye chumba cha kupanga, hakuna anayeniona, na bado nafunga. Tangu mama afe sijui mwisho wa hadithi yoyote."

"Sasa kwa nini hukuja?"

"Niliogopa kile kiti," alisema, akafuta macho.

Lugano akakichukua kitabu, akasema kwa ile sauti yake iliyobaki. "Wanangu, mimi si wa tumbo la nyumba hii, najua. Lakini sikio hili nimelilinda mimi. Limezoea mdomo wangu. Nyinyi likiwasikia litauliza, ni nani hawa?"

"Lakini mama," alisema Tusekile polepole, "sauti yenyewe huna tena."

Lugano akakishusha kitabu magotini.

Wakati wote huo Asajile alikuwa anawatazama. Aliona kitabu kikipita toka mkono hadi mkono. Aliona midomo ikienda kwa upole, mmoja akimpisha mwenzake. Aliona mwanawe akifuta macho. Walipotulia, alinyoosha mikono, akakipokea kitabu, akakifunga.

"Ahsanteni," alisema. "Niliwaambia asome mmoja, mmesoma wote watatu. Sikupata hata neno, lakini nimewaona. Kumbe mwisho wake unaliza hivyo. Sasa naelewa kwa nini mama yenu hakutaka nisikie nikiwa peke yangu."

Akainuka, akakiweka kitabu cha kijani kwenye rafu ya juu, peke yake. Akarudi kwenye kiti chake, akavuta blanketi magotini, akatabasamu. Nasema kweli, toka mkewe afe uso ule haukuwahi kutabasamu hivyo.

Wale watatu wakatazamana. Hakuna aliyeinuka. Sikio la kushoto lilikuwa bado na uhai kidogo. Huenda lingefika kesho, huenda lisingefika.

Haya, nyie mliokaa kimya muda wote mkitafuna ndizi zangu, leo mtanijibu. Mwenye vitabu, mwenye chumba, au mwenye sauti iliyokatika: je, nani alistahili kumsomea mzee ule ukurasa? Na kabla hujanitajia jina, niambie yule yule uliyemchagua, angeanzaje kumwinamia sikioni na kumwambia kwamba hakuna aliyesoma?