Kijiji Kisichokuwa na Milango

"Nyumba njema si mlango." Mmelisikia neno hilo leo, na sasa mnataka kujua lilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, chuma kilipokuwa hakijajulikana, watu wa Ngulwe walilima mtama kwa majembe ya jiwe. Nyumba zao za udongo zilishikana ukuta kwa ukuta kama masega ya nyuki, wala hazikuwa na milango. Mtu alipanda ngazi hadi juu ya paa, akashukia ndani kwa tundu. Moshi nao ulitokea hapo hapo. Kwa njia hiyo fisi hawakuingia, na sheria ikawekwa: avunjaye ukuta wa nje hapewi shamba.

Kwa kuwa tundu ndilo lililoonekana, watu walishindana kulipamba. La Ligoma, mgawaji wa mashamba, lilizungushiwa misuko ya nyasi na manyoya ya mbuni, na juu yake zikasimama pembe za fahali wa marehemu baba yake. La jirani yake Mkiwa, mjane, lilikuwa tupu.

Siku mvua za kwanza zilipoanza, alitokea mgeni asiyetarajiwa, bibi kizee mwenye mguu uliovimba, akipapasa kuta.

"Hodi! Jamani, mnaingilia wapi?"

Wakamwonyesha ngazi. Akajaribu kupanda, akaanguka. "Pole, bibi," wakasema, wakarudi kwenye moto wao.

Mkiwa akamwinua. "Hutalala nje, mama," alisema, hata kabla hajafikiri. Kisha akafikiri. Alikuwa na chungu kimoja cha mbegu, na bila shamba angezipanda wapi? Lakini neno lilikwisha kutoka. Akachukua shoka la jiwe, akatoboa ukuta wa nje.

Ligoma akachungulia kutoka juu. "Mkiwa! Umeitoboa nyumba tumbo? Hata ngiri angeona haya kupita hapo!"

"Ngiri asipite. Mama huyu atapita."

"Shamba umelikosa, unajua?"

"Najua, Mzee."

"Basi siku nitakayopita humo kwa magoti, pembe za baba yangu ni zako!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mgeni akaingia, akaota moto. Mkiwa akafunika tundu la ukutani kwa ngozi, akawa anawafukuza fisi kwa kijinga cha moto.

Mvua zikakatika, jua likawaka, na ile misuko ya Ligoma ikakauka kau. Asubuhi moja mkewe alikoleza moto wa uji. Cheche zikapanda na moshi, zikadaka nyasi. Tundu likawaka pande zote, ngazi nayo ikashika moto.

"Mwanangu," alisema yule bibi, aliyekuwa ameegemea ukuta, "ukuta huu unagongwa."

Mkiwa akaweka sikio. Akasikia kikohozi na kilio cha watoto. Hakuuliza. Alipiga shoka kwenye ukuta wa kati, akapiga tena, udongo ukamwagika, mkono mdogo ukachomoza. Akauvuta. Wakatoka watoto wote, akatoka mama yao. "Piteni! Nje ni huku!" Wakapita kwenye lile tundu baya la ukutani, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Ligoma, kwa magoti, ndevu zimeungua.

Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Wanawake walimbeba Mkiwa juu kwa juu, na kabla jua halijatua kila nyumba ilikuwa imetobolewa mlango. Sheria ile haikutajwa tena. Mkiwa akapewa shamba la kando ya mto.

Kesho yake Ligoma alikuja na pembe za baba yake, nyeusi kwa masizi. Hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mzee wake.

"Mzee, ule ulikuwa mzaha tu," Mkiwa alisema. "Rudi nazo."

"Wewe ulisema hatalala nje, na hakulala. Na mimi nilisema."

Akazifunga mwenyewe juu ya lile tundu la ukutani. Zilikaa upande. Akazitazama, kisha akainama achungulie ndani, ambako watoto wake walikuwa wakila uji na yule bibi.

"Kumbe," akasema, "nyumba njema si mlango."