Bastola Iliyopigwa Chapa

Hapo zamani, mbuzi wa Lukunguni walipokuwa wakipungua, watu wa mlimani walichoka kuibiwa. Lukunguni ni mji wa mlimani, mji wa ukungu. Asubuhi ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Mwizi naye havioni vyake, ila vya mwizi vinajua njia.

Baraza likakaa. Likakaa tena kuthibitisha kwamba lilikuwa limekaa. Likaamua inunuliwe bastola, akabidhiwe Kondo, mlinzi wa zizi la mji.

Aliyeitengeneza ni Fundi Pazi, ambaye magobore yake yalikuwa yamemaliza nguruwe wa milima yote. Bastola hakuwahi kutengeneza, lakini hakuna aliyemuuliza. Ikaja imefungwa kitambaa cha kijani. Nyeusi, inang'aa, na lile tumbo lake la kutia risasi likizunguka tiki-tiki-tiki kama mjusi ukutani. Watu wakapiga makofi.

Sasa, Lukunguni kitu si kitu mpaka kipigwe chapa. Mtungi wa mji una chapa. Ngoma ya mji ina chapa. Punda wa mji alikuwa na chapa, na alipokufa akapigwa nyingine, asije akajitia kuwa mzima. Mwenye chapa ni Karani Stambuli.

Jumbe, mkuu wa mji, akamuuliza mbele ya watu, "Stambuli, imepigwa?"

Alitaka kujua kama imejaribiwa, kama imepigwa risasi ikalia.

"Imepigwa, Jumbe."

"Imepigwa mbele yako?"

"Kwa mkono wangu huu. Tena imekolea."

Stambuli alikuwa akisema chapa. Jumbe akaridhika, Stambuli akaridhika, na Kondo akaondoka na bastola kiunoni, akitembea kama mtu aliyeongezewa mguu.

Nyumbani kwa Kondo yuko mkewe, Sikudhani, mwanamke asiyelaza kitu kichafu chini ya paa lake. Kondo alipoingia kuoga, Sikudhani akaichukua bastola aisafishe. Kwanza akazitoa risasi, maana hata chungu hakioshwi kikiwa na mchuzi. Kisha akachomoa njiti ya ufagio, akaizungushia kitambaa, akaitia mdomoni mwa mtutu.

Njiti ikaingia ukucha mmoja, ikagota.

Akadhani ni uchafu. Akasukuma. Ikagota. Akauelekeza mtutu dirishani, akachungulia kwa nyuma. Giza. Chuma kitupu, kimejaa kama rungu. Mtutu haukutobolewa!

Sikudhani akakaa chini. Akaona moyoni mkono wa mumewe unavuta, risasi inatafuta njia, njia hakuna, na chuma chote kinamrudia usoni. Akazikusanya risasi, akazifukia katika chungu cha kunde.

Kondo akatoka kuoga.

"Mume wangu, hii bastola—"

"Hii bastola haijadiliwi jikoni."

"Haina tundu!"

"Wewe mwanamke, silaha ya Jumbe unaipima kwa ufagio?" Akaifunga kiunoni, akaenda zizini.

Sikudhani akakimbilia kwa karani.

"Bwana Karani, bastola haina tundu."

"Haiwezekani, bibi. Imepigwa."

"Imepigwa nini?"

"Chapa."

"Chapa inatoboa chuma?"

Stambuli akavua miwani. "Bibi, malalamiko ya silaha huletwa na mwenye silaha. Aje mwenyewe, na silaha yenyewe tuione."

"Nitamleta sasa hivi."

"Ila silaha haziruhusiwi kuingia ofisini."

Sikudhani akarudi nyumbani, akakitazama chungu cha kunde, akanyamaza.

Haya. Huko bondeni kulikuwa na Chambuso. Watu wa bondeni na watu wa mlimani ni watani, na mnajua utani ulivyo: mtani akitaka kitu chako anachukua mchana kweupe, ukimwita mwizi anaitikia, na ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu. Mke wa Chambuso alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto hana jina, maana jina linataka karamu, na karamu inataka mbuzi. Chambuso akasema, "Mbuzi wa nini kununua, na mtani wangu Kondo ana zizi?"

Akapanda kesho yake asubuhi, ukungu umeshuka. Akaingia zizini, akamshika beberu pembe. Beberu akalia.

"Nani?" akapiga kelele Kondo.

Chambuso akajibu anavyojibu mtani tangu enzi za babu zao. "Mwizi wako!"

Kondo akaichomoa bastola. Akailenga ile sauti. Akavuta.

Ka!

Akavuta tena.

Ka!

Ukungu ukapasuka, na hapo, hatua chache tu mbele ya mtutu, akasimama Chambuso na beberu wake, meno yote nje.

"Mtani! Unanipiga kwa kitu gani hicho? Kikohozi?"

Kondo hakucheka. Alikaa papo hapo kwenye mavi ya mbuzi, na bastola ikamdondoka. Chambuso akaitazama bastola, akamtazama Kondo, na kicheko kikamkauka usoni.

"Kondo. Ilikuwa ya kweli?"

Kelele zikaleta watu. Jumbe akaja. Karani akaja. Fundi Pazi, aliyekuwa bado mjini akila sifa, akaja. Sikudhani akaja mbio na chungu cha kunde, akaingiza mkono mbele ya wote, akazitoa risasi moja baada ya nyingine, zina vumbi la kunde. Kisha akaiokota bastola, akamkabidhi Jumbe pamoja na ile njiti, akieleza alivyoisafisha.

Jumbe akaitia njiti mtutuni. Ikaingia ukucha mmoja, ikagota. Akampa Stambuli. Stambuli akaitia. Ikaingia ukucha mmoja, ikagota. Akampa Pazi. Pazi hakuitia. Alishika kichwa.

"Si ulisema imepigwa?" Jumbe akanong'ona.

"Imepigwa," akasema Stambuli, akionyesha chapa. Kweli, ilikuwa imekolea.

Chambuso ndiye aliyefuata kusema, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Mwanangu hana jina. Leo nilikuwa namwacha bila jina na bila baba. Aliyeniokoa, mtoto ataitwa jina lake, na uzao wake utalibeba. Nani aliyeniokoa?"

Pazi akainua kichwa. "Ni mimi. Nilishika keekee nitoboe mtutu, wajumbe wa baraza wakaja kukagua. Nikaishika tena, wakaja kukagua kama wamekagua. Mara wakasema sherehe ni kesho, ing'arishwe. Nikaing'arisha. Lakini huyu mama angekosa kupiga deki siku ile, risasi zikabaki, bado isingetoka hata moja kukufuata wewe. Ukuta uliosimama kati yako na risasi niliuacha mimi."

"Ungemlipua mume wangu!" akafoka Sikudhani.

"Sikusema nilimwokoa mumeo. Nimesema nilimwokoa Chambuso."

Stambuli akakohoa. "Kwa heshima zote, ni mimi. Ningechungulia mtutu, ningeirudisha. Ingetobolewa, ikarudi nzima, na sasa hivi tungekuwa tunachimba kaburi. Umepona kwa sababu sikuangalia. Na kutoangalia kwangu si kwa bahati. Nimekuwa siangalii miaka yote, bila kukosa hata siku moja."

Watu wakaguna. Ubaya wa maneno yake ni kwamba yalikuwa ya kweli.

Sikudhani akaweka chungu chini. "Hawa wawili walikuokoa wakiwa wamelala. Mimi nilikuwa macho. Mkono uliozitoa risasi ni huu. Nilimwambia mwenye nyumba, nilimwambia mwenye ofisi. Nani mwingine alifanya kitu kwa kujua?"

"Kwa kujua, ndiyo," akadakia Pazi. "Ukajua ukamwacha mumeo zizini na chuma kitupu! Angekuja mwizi wa kweli na panga?"

Sikudhani akakiinua tena chungu chake.

"Tena ulikuwa unamwokoa Kondo," akaongeza Stambuli. "Chambuso hukumjua. Wewe nawe ulimwokoa ukiwa umelala."

Ndipo Kondo akasema, bado yuko chini. "Mimi jina langu msilitaje. Mara ya kwanza niseme ilikuwa hofu." Akamtazama mtani wake. "Lakini nilivuta mara ya pili."

Chambuso akamtia beberu kamba shingoni, akateremka bondeni, na mji mzima nyuma yake.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Mmechelewa. Mtoto tangu asubuhi anaitwa 'Wewe'." Akampa mumewe mtoto. Chambuso akampokea. Fundi akanyoosha shingo. Karani akatayarisha chapa. Sikudhani akatazama pembeni.

Sasa mtoto yuko mikononi, baba amemwinamia sikioni, na mimi nilikuwa mbali, sikusikia. Nyinyi mliokaa karibu, niambieni: fundi aliyesahau, karani asiyeangalia, au mwanamke aliyejua akanyamaza? Je, ni nani aliyestahili jina lake litiwe katika sikio lile?