Fisi, Mkaguzi wa Kamba

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kamba!

Ndefu au fupi?

— Ndefu, itufikie na sisi tulioketi nyuma!

Haya, shikeni ncha hiyo. Atakayesinzia akaiachia, asinililie.

Hapo kale jua liliwaka miaka miwili mfululizo. Mito ilikauka, ukabaki mchanga mtupu. Mwenye kiu alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, kwa Tembo, ng'ambo ya majabali. Tembo walichimba kisima katikati ya mto mkavu. Wakachimba, wakachimba, wakachimba, hata mkonga mrefu kuliko yote ukawa haufiki majini. Ikabidi wawe wanamteremsha mmoja wa watoto wao, kamba kiunoni, azoe tope na kujaza ndoo. Wa chini anazoa, wa juu wanavuta.

Basi Tembo walitaka kamba, na wanyama wadogo walitaka maji. Wakapatana. Leteni kamba, mnywe.

Lakini kamba si kazi ya mtu mmoja. Digidigi alikata majani ya mkonge. Mzee Kobe aliyaloweka siku nne, kisha akayaponda kwa gamba lake, pu! pu! pu! mpaka zikabaki nyuzi. Nyuzi zikaenda kwa Bi Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mifupi mgongoni, anayejikunja akawa tufe ukimgusa. Yeye alijiviringisha juu ya nyuzi, shwaa! shwaa! shwaa! miiba ikafanya kazi ya kitana. Akichana mara tatu, nyuzi zinalala kama zimeambiwa. Mwisho Panya Buku alisokota. Digidigi akata, Kobe aponda, Kalunguyeye achana, Panya Buku asokota, na kamba ikitoka hapo hata Tembo wawili wavutane, haikatiki.

Sasa, njia ya kwenda kwa Tembo ilipita katika upenyo mmoja uitwao Mlango wa Majabali. Hapo ndipo alipokaa Fisi.

Fisi hakuteuliwa na mtu. Siku moja alikanyaga tope, akakanyaga jiwe, pwa! akaiona alama ya wayo wake, akaipenda. Akasema, "Kumbe nina mhuri! Basi mimi ni Mkaguzi. Kamba isiyo na mhuri wangu haipiti hapa."

"Unakagua nini, bwana?" Bi Kalunguyeye alimuuliza siku ile ya kwanza.

"Ubora."

"Unaukaguaje?"

"Nachukua sampuli." Akachukua bunda moja katika kumi, tena lile zuri kuliko yote, akalitupa pangoni mwake. Yaliyobaki akayapiga mhuri bila kuyatazama, pwa! pwa! pwa! huku akiimba:

*Nakagua, nakagua,*
*kizuri kibaki kwangu!*

Mwezi uliofuata alichukua moja katika tano. Mwezi wa tatu, moja katika mawili. Nani angembishia? Taya la Fisi linavunja mfupa wa nyati, sembuse mgongo wa Panya Buku.

Lakini Tembo walihesabu mabunda yao, na yakipungua na maji yanapungua. Kwa hiyo wadogo wakaanza kukimbizana. Fanya haraka, Digidigi! Fanya haraka, Mzee Kobe! Kamba zikatoka nyingi. Kamba zikatoka upesi.

Siku moja Korongo, mjumbe wa Tembo, akatua mbele ya Bi Kalunguyeye. Mdomoni alikuwa na kipande cha kamba kilichokatika.

"Imekatika," alisema. "Mtoto wa Bibi Tembo alikuwa katikati ya kisima. Kwachaa! Chubwi! Yu hai, lakini pembe imevunjika, na tangu jana hataki kusogelea hata dimbwi. Bibi Tembo amesema hivi. Anawapa nafasi moja tu. Na kuanzia sasa, aletaye kamba ndiye atakayeshuka nayo kisimani kwanza. Ikikatika tena, kisima si chenu."

Akaruka zake.

Bi Kalunguyeye alijikunja akawa tufe. Alikaa hivyo mpaka kivuli kilipohama, maana mpeleka kamba alikuwa ni yeye. Kisha akajikunjua, akachukua kile kipande, akaenda kwa Panya Buku.

"Panya Buku, kamba imekatika."

"Si mimi, dada! Mimi nasokota ninacholetewa. Nyuzi zilikuja fupi, nikachomeka maganda ya mgomba ndani ili bunda lijae. Na zilikuja fupi kwa sababu nani hakuzichana vizuri?"

Bi Kalunguyeye akatazama chini. Kweli. Siku hizi alichana mara moja badala ya tatu, tena akijiviringisha huku anasinzia. Akaenda kwa Kobe.

"Mzee Kobe, kamba imekatika."

"Binti yangu," Kobe alisema, na machozi yalimlengalenga, "niliyaloweka siku moja. Kila asubuhi mnanitumia salamu, fanya haraka, fanya haraka. Mimi! Tangu nizaliwe nimeambiwa fanya haraka mara elfu, sikuwahi kutii. Nimetii mara moja tu, na mtoto wa watu ameanguka kisimani."

Akaenda kwa Digidigi.

"Digidigi, kamba imekatika."

"Si mimi! Nilikata majani machanga kwa sababu yaliyokomaa yamekwisha. Yamekwisha kwa sababu mnataka mengi. Mnataka mengi kwa nini, kwani Tembo wameongezeka?"

Tembo hawakuongezeka. Wote wanne walikaa chini wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amekosa kidogo, na kila kidogo kilikuwa na sababu, na ukizifuata sababu zote, zinakwenda kuishia pangoni kwa Fisi, kwenye lundo la kamba nzuri alilolifanya godoro.

"Tumfukuze," alisema Panya Buku.

"Kwa meno ya nani?" aliuliza Digidigi.

Bi Kalunguyeye alikuwa anakigeuzageuza kile kipande cha kamba. "Fisi huchagua vipi sampuli?"

"Anatazama unene."

"Na nini tena?"

"Anatazama mng'aro."

"Anavuta? Anapima?"

Panya Buku akacheka. "Fisi? Kuvuta ni kazi, dada."

"Basi sikilizeni. Mafundi wote wa dunia hii hutengeneza sampuli nzuri na mzigo mbovu. Sisi tutatengeneza mzigo mzuri na sampuli mbovu."

Wakaanza. Mabunda kumi na mawili ya mzigo waliyatengeneza kama zamani. Digidigi alikwenda mbali, siku mbili, kutafuta majani yaliyokomaa. Kobe aliloweka siku nne, na siku ya nne alisinzia, zikawa tano. Bi Kalunguyeye alichana mara tatu mpaka mgongo ukamuwaka. Kamba zikatoka nyembamba, za rangi ya vumbi, hazina sura.

Mabunda mengine kumi na mawili waliyajaza maganda makavu ya mgomba, wakayavisha nyuzi chache juu, wakayapaka mafuta ya mbarika. Yakawa manene kama chatu aliyeshiba. Yakang'aa! Panya Buku, aliyeyasokota kwa mikono yake mwenyewe, karibu ayaonee wivu.

Walipofika Mlango wa Majabali, Fisi alisimama. Macho yalimtoka.

"Hii-hii-hii! Leo ndiyo mmetengeneza kamba!" Akayashika manene, akayanusa. Akayashika membamba, akakunja pua. "Na hizi nyuzi za buibui?"

"Ni za Tembo, Bwana Mkaguzi. Ndizo tulizoweza."

"Nachukua sampuli!" Akavuta bunda nene la kwanza. Akavuta la pili. Akayavuta yote kumi na mawili, moja katika kila mawili kama desturi yake, na desturi hiyo ikamwachia Bi Kalunguyeye yale membamba tu. Akayapiga mhuri huku anatazama kando, pwa! pwa! pwa!

*Nakagua, nakagua,*
*kizuri kibaki kwangu!*

Bi Kalunguyeye akapiga magoti. "Bwana Mkaguzi, nakusihi jambo moja. Hayo manene yafanye godoro, yafanye kitu chochote, ila usiyapeleke kwa Tembo. Wakiyaona watakupa kisima kizima, na sisi tutakuwa wa nani?"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kisima kizima?"

"Tena kuna sharti jipya, bwana, anayepeleka kamba lazima..."

"Nyamaza! Masharti hapa naweka mimi!"

Alijitwika mabunda yote kumi na mawili, akatoka mbio, ulimi nje. Bi Kalunguyeye na Panya Buku wakamfuata polepole, wanaviringisha mzigo wao.

Fisi alifika kwa Tembo anahema. "Bibi Tembo! Achana na wale wadogo. Nimekuletea kamba za mkubwa mwenzio. Tazama unene! Tazama mng'aro! Nipe kisima, nikuletee hizi kila mwezi."

Bibi Tembo aliitazama kamba. Hakuigusa. "Nzuri kwa macho. Mfungeni."

"Mfungeni nani?"

"Aletaye kamba ndiye anayeshuka nayo kwanza. Hukuambiwa?"

Kabla Fisi hajapata la kusema, mkonga mmoja ulikwisha mzungusha, mkonga wa pili ulikwisha mfunga, na wa tatu ulimning'iniza juu ya shimo. Wakamteremsha kidogo. Kamba ikasema kri. Wakamteremsha tena. Kamba ikasema kriii. Fisi akaona ganda moja la mgomba likichungulia nje, likifuatwa na la pili.

"Nipandisheni! Nipandi..."

Kwachaa! Chubwi!

Huko chini tope lilimfika mabegani. Akalia, akacheka, akalia tena, maana Fisi hajui tofauti. Tembo wakasikiliza. Hawakuwa na kamba nyingine ya kuaminika ya kumtolea, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.

Ndipo wakafika wadogo na mabunda yao membamba.

"Nani kaleta?" aliuliza Bibi Tembo.

"Mimi," alisema Bi Kalunguyeye. Alijua kila uzi umepita mgongoni mwake, alijua amechana mara tatu. Lakini mara iliyopita pia alikuwa amejiambia yatosha. Panya Buku akamfunga, akalikaza fundo mara mbili.

"Dada," alimnong'oneza, "humu sikuchomeka kitu. Naapa."

Wakamteremsha. Kuta zikapanda, mwanga ukawa kisahani juu ya kichwa chake. Kamba haikusema kri. Haikusema kitu. Mara miguu yake ikagusa tope, kando ya pua ya Fisi.

"Bwana Mkaguzi, shika kamba, utolewe."

Fisi akaitazama. "Nyembamba hii."

"Ndiyo, bwana."

"Ni ya wapi? Imekaguliwa? Ina mhuri?"

"Ina mhuri, bwana. Tazama hapa. Ni mhuri wako."

"Wangu?" Fisi akapiga yowe, na kisima kikalipokea yowe lile kikalipeleka juu kwa kila sikio la Tembo. "Basi tumekwisha! Sishiki! Mhuri ule naujua mimi! Naupiga nikiwa natazama kando! Sijawahi kukagua hata kamba moja!"

Juu kukasikika mkoromo mmoja, halafu mwingine. Kundi zima la Tembo lilikuwa linacheka, na mchanga ukamiminika kisimani kwa kicheko chao. Mtoto wa Bibi Tembo, yule mwenye pembe iliyovunjika, alisogea mwenyewe mpaka ukingoni ili aone anayelia.

"Shika tu," alisema Bi Kalunguyeye. "Mimi ndiye niliyeichana."

Fisi akaikumbatia kamba kwa miguu ya mbele, macho amefumba. Tembo wakavuta. Wakamvuta Kalunguyeye, wakamvuta Fisi, wakavuta na tope lililomganda. Kamba haikukatika. Watu husema ndiyo sababu miguu ya mbele ya Fisi ni mirefu kuliko ya nyuma. Aliing'ang'ania sana kamba siku ile. Mimi sikuwapo, nasema nilivyoambiwa.

Bibi Tembo akamfuta Fisi tope usoni kwa ncha ya mkonga, taratibu, kama mama. "Kazi yako hatukuondolei," alimwambia. "Ukaguzi ni kazi njema. Kila bunda likija, utashuka nalo."

Na ikawa hivyo. Tangu siku ile Fisi ndiye anayemwahi Digidigi kondeni alfajiri. "Jani hilo limekomaa? Una hakika? Litazame tena!" Ndiye anayekaa kando ya dimbwi la Kobe. "Mzee wangu, usiharakishe! Siku nne chache, weka sita!" Ndiye anayehesabu, moja, mbili, tatu, Bi Kalunguyeye akijiviringisha. Panya Buku akipita na ganda la mgomba, hata kama ni la chakula chake tu, Fisi huanguka akazirai. Sampuli hachukui tena. Na kamba hazijakatika.

Wadogo walikunywa maji mpaka mvua ziliporudi.

Funzo? Kumbe mnataka na funzo! Haya. Hadithi hii yatufundisha kwamba kitu kinene ndicho imara, kinachong'aa ndicho bora, na ukiona mhuri usiulize maswali. Kama hamniamini, kamuulizeni Fisi. Ila muulizeni upesi, maana Bi Kalunguyeye amekwisha fika na mabunda mapya, na Tembo wanamfunga Fisi sasa hivi.

Kamba yangu imeishia hapo.

— Na ncha yake tunayo!

Iachieni, mkalale.