Siku Chifu Chui Alipovua

Hapo zamani za kale, wakati samaki walikuwa bado hawajajua kusema uongo lakini wavuvi walikuwa wameshaanza, kulikuwa na mto mlimani ulioitwa Kizizima. Haukupewa jina hilo kwa mapambo. Maji yake yalishuka kutoka kwenye barafu ya kilele, na ukitia kidole kimoja tu, meno yako yote yaligongana.

Msinicheke, wanangu, najua ninachosema. Nimesimama katika mito baridi ya nchi nne, ufito mkononi, na katika mito yote hiyo nilichovua ni mafua. Katika mmoja nilivua kofia yangu mwenyewe, tena kwa shida. Kwa hiyo hadithi hii siwasimulii kama bingwa. Nawasimulia kama jamaa wa walioaibika.

Enzi hizo wanyama walijenga nyumba, walikwenda gulioni, na ngozi zao zilikuwa na vifungo kama makoti yetu. Mtu akiingia nyumbani anafungua vifungo, anatundika ngozi yake msumarini, anakaa kwa raha zake. Shikeni hilo la vifungo, tutalihitaji.

Ndani ya Kizizima aliishi samaki aitwaye trauti. Si yule wa kufugwa bwawani, anayekuja akiitwa kama kuku. Huyu ni wa mwituni, mwenye madoa mekundu ubavuni na wasiwasi wa mgeni aliyepotea njia. Kivuli chako kikigusa maji tu, hayupo.

Kando ya lindi, yaani shimo la maji mengi mtoni, lenye trauti wengi kuliko kwingine kote, aliishi Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne. Alikuwa mdogo, miguu mifupi, na hakujua kuogelea. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alichukua mwiba wa mti, akaufungia unyoya wa kanga na nywele mbili tatu alizookota kichakani, akazungusha uzi, akakaza, akapuliza, mpaka mwiba ukafanana kabisa na nzi. Nzi huyo alimning'iniza kwenye singa ndefu ya mkia wa nyati, na singa akaifunga kwenye ufito wa mwanzi. Alfajiri alirusha, fyuuu, nzi akatua juu ya maji kwa adabu kama aliyekuja kwa miguu yake. Trauti akainuka, chubwi, na watoto wanne wakala.

Mafundi hawapendi maneno mengi. Kazi yote hiyo Nguchiro aliiita kwa maneno mawili: kufunga, yaani kumfunga nzi kwenye mwiba, na kuvua. Jirani yake Mama Kanga, aliyempa manyoya na kupewa umbea, alizoea kumsikia akisema mlangoni, "Leo nafunga, kesho navua."

Ukaja mwaka wa kiangazi. Swala wakateremka uwandani kutafuta majani, na huko mlimani wakubwa wawili waliozoea kuwala wakabaki na njaa yao. Wa kwanza alikuwa Chifu Chui, mwenye koti la madoadoa alilolipenda kuliko mkewe. Wa pili alikuwa Diwani Fisi, ambaye kazi yake ilikuwa kumweleza Chifu mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa.

Chui alijaribu kumkamata trauti kwa makucha akaambulia matope. Fisi aliinama akaanza kunywa mto ili abakize samaki, akanywa mpaka tumbo likawa ngoma, na mto ukaendelea kupita kana kwamba hakuna aliyeugusa.

Basi wakamwendea Nguchiro, wakamwambia kumefanyika kikao. Nguchiro akauliza kikao cha nani. Fisi akasema cha Chifu na yeye, na wajumbe wote walihudhuria. Kikao kimeamua kwamba lindi ni mali ya utawala, na Nguchiro na watoto wake wahamie uwandani kabla ya gulio lijalo.

Huko uwandani hakukuwa na mto wala kichaka, na mwewe walizunguka angani mchana kutwa. Watoto wa Nguchiro walikuwa hawajajua hata kukimbia vizuri. Mama wa watu akasema kwa upole, "Sawa, Chifu wangu. Nikishahama mtakula nini? Maana Diwani maji ameshayajaribu."

Chui akamtazama Fisi. Fisi akatazama tumbo lake.

Wakakubaliana hivi: Nguchiro atawafundisha kazi yake. Siku ya gulio, mbele ya watu wote, wakubwa wakitoa trauti mtoni, hata mmoja, Nguchiro atahama. Wasipotoa, lindi litakuwa lake na la watoto wake, na kikao kisikae tena juu yake. Chui akaapa kwa koti lake. Mama Kanga akaitwa shahidi, ambayo ilikuwa sawa na kutangaza mlima mzima.

"Lakini ufundishe ukweli," Chui akaonya. "Ukisema neno moja la uongo, nakumeza na ufito wako."

"Nitasema ukweli mtupu, Chifu, na Mama Kanga asikie. Kazi yangu ni mambo mawili, kufunga na kuvua. Mwenye kufunga vizuri huvua vizuri. Mvivu wa kufunga atasimama mtoni mpaka jua litue."

Fisi akashtuka. "Kufunga? Siku ngapi?"

"Anayeanza, siku tatu hazimtoshi, lakini ndizo mlizo nazo. Mimi nilipoanza nilifunga wiki nzima ndipo trauti akanitazama."

"Hata maji hayaruhusiwi?"

Nguchiro akamtazama kwa huruma. "Diwani, kwenye kufunga maji ya nini? Maji ni wakati wa kuvua."

Chui alikuwa ameshika kidevu kama anayepima maneno mazito. Akauliza baada ya kufunga kinafuata nini. Nguchiro akajibu kwamba wataingia majini polepole bila kelele, kisha watavua. Chui akamwinamia Fisi akamnong'oneza, "Tutavua nini?" Fisi naye hakujua, lakini kutojua hakukuwa sehemu ya kazi yake. Akamnong'oneza Chifu, "Makoti. Trauti anayaogopa madoa yako." Chui akaitikia kwa kichwa. Jambo lilikuwa na mantiki.

Na hapa, wanangu, ndipo Nguchiro alipowapa nafasi ya kujiokoa. Akasema kesho alfajiri atafunga na kuvua, waje waone kwa macho yao, kazi ya mikono haielezeki kwa mdomo.

"Nije kuonyeshwa mimi?" Chui akasema, akinyoosha kola. "Mimi nimeshaelewa. Kufunga, kuvua. Watoto wadogo wanajua hayo."

"Kama kuna swali, Chifu, mlango uko wazi."

"Chifu haulizi. Chifu anaulizwa."

Wakaondoka, wakaanza kufunga.

Siku ya kwanza walifunga kwa fahari, na Fisi akamwambia kila aliyekutana naye kwamba amefunga, kabla hajaulizwa. Siku ya pili harufu ya trauti wa kuchoma ikatoka nyumbani kwa Nguchiro, ikapanda na upepo moja kwa moja hadi puani mwa utawala. Fisi hakuvumilia. Akashuka kwenda kuchungulia, akamkuta Nguchiro mlangoni ameinama, mwiba kati ya meno, uzi mkononi.

"Na wewe umefunga?" Fisi akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Tangu asubuhi, Diwani. Macho yananiuma."

"Na huo mwiba mdomoni?"

"Ndio wenyewe. Bila mwiba utafungaje?"

Fisi akatazama chini, akaona miiba ya trauti waliyoiacha watoto, akafurahi kama aliyefutiwa adhabu. Alikusanya yote, akaketi nyuma ya jiwe akailamba mmoja mmoja. Kisha akapanda mbio kumweleza Chifu kwamba sheria inaruhusu miiba. Chui akamwambia ananuka samaki, na kwamba kwa kufuturu kabla ya wakati anastahili kofi. Akampa.

Siku ya tatu walilala wakihesabu fito za dari.

Siku ya gulio ikapambazuka na ukungu mzito. Kabla ya kufungua vibanda, wanyama wote walikuja kwenye kingo za Kizizima, kwa kuwa Mama Kanga hakumsahau hata mmoja. Wakubwa wakatokea wameegemeana. Chui alikonda hadi koti likamning'inia, lakini alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Wakafika ukingoni. Chui akatazama umati, akatazama maji, akakohoa. Halafu, polepole, kifungo baada ya kifungo, Chifu wa mlima akavua.

Akavua koti la madoadoa, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Fisi naye akavua lake, akalitupa kando. Wengi hawakuwa wamewahi kujua kwamba chini ya madoa yale kuna paka mwembamba wa rangi ya uji.

Wakaingia majini. Hatua ya kwanza Fisi akasema, "Mama yangu." Hatua ya tatu hakuweza kusema. Maji yakawafika kiunoni, wakasimama. Meno yao yalisikika ng'ambo, kekekekeke, kekekekeke, kama mtu anayetikisa mbegu ndani ya kibuyu.

Trauti, waliokwisha kuwaona tangu walipokuwa njiani, walikuwa wamekwenda zao mtoni juu.

"Sa-sa-samaki wako wapi?" Chui akauliza.

"Mmefunga, Chifu?"

"Tu-tumefunga siku tatu."

"Mmevua?"

"Hu-huoni?"

"Naona, Chifu," Nguchiro akasema. "Kila mtu anaona."

Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipochomoka kooni mwa Mama Kanga, akakizuia kwa bawa, kikatokea upande wa pili. Chui akanguruma, ila kwa baridi ile ngurumo ilitoka kama mluzi. Akasema amedanganywa, aliambiwa afunge na avue, na sasa atammeza mtu.

Nguchiro hakukimbia, ingawa alijua kwamba koo lile lingefunguka watoto wanne wasingekuwa na mama. Alichukua ufito wake, akautembeza ukingoni watu waone kitu kidogo kilichoning'inia mwishoni mwa singa.

"Huyu nzi nilimfunga juzi, Diwani akiwa amesimama mbele yangu. Kufunga ndiko huku."

Akapanda mtoni juu hatua ishirini, penye maji yasiyo na viongozi. Akainua mkono. Fyuuu. Nzi akatua. Hata meno ya Fisi yakanyamaza kidogo. Chubwi. Ufito ukapinda kama upinde, maji yakatawanyika, na trauti mwenye madoa mekundu akaanguka majanini akirukaruka.

"Na kuvua ndiko huku."

Kingo zote mbili zikapasuka kwa kicheko. Chui akageuka kumtafuta shahidi. Mama Kanga akasema, huku machozi yakimtoka, kwamba maneno yote aliyasikia na yote yalikuwa ya kweli, na kwamba Chifu alikaribishwa kuja kuona na akasema ameshaelewa.

Njia zilikuwa mbili. Aseme hakuelewa, au amezwe na aibu kimya kimya. Lakini wavuvi, wanangu, tuna njia ya tatu, na Chui ndiye aliyeigundua.

"Nilimshika mmoja," akasema. "Hapa, mguuni. Mkubwa kuliko huyo. Akaponyoka."

"Nilimwona," akasema Fisi. "Alikuwa na ndevu."

Nguchiro akasema anaamini kabisa, ila kiapo kilikuwa samaki atolewe mtoni, na huyo mwenye ndevu bado yumo. Umati ukaitikia kwa sauti moja. Chui akatazama koti lake juu ya jiwe, lile lile aliloapia, akatoka majini. Lindi likabaki la Nguchiro.

Akawasha moto palepale. Trauti wake akamgawa katikati, akaweka vipande viwili kwenye majani mbele ya wakubwa waliokuwa wakitetemeka.

"Haya, fungueni," akasema. "Siku tatu si mchezo."

Wakala. Fisi alikula na majani.

Halafu wakavaa kwa haraka. Fisi, kwa vidole vilivyokufa ganzi, alikosea vifungo, koti likapanda mbele likashuka nyuma, na mpaka leo hajapata wa kumrekebisha. Chui alifunga vyake vyote mpaka shingoni, na tangu siku hiyo hajalivua tena koti lile, hata akilala. Yule trauti wake aliyeponyoka bado anakua. Mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa amefikia ukubwa wa kiboko, na mimi ni nani nibishe, nami nina wangu kama huyo katika kila mto nilimosimama.

Hadithi yangu naifunga hapa, na aliyeelewa vingine aniulize kabla hajavua shati: mwenye kuona haya kuuliza, ataona haya kubwa zaidi mbele ya watu.