Mpishi wa Zimwi

Tegeni masikio, nami nifungue kinywa. Mwanakombo alilipikia zimwi, kazi aliyoichukia tangu siku ya kwanza. Mavuno ya kwanza, mwiko wake ukasema, "Mwanakombo, mlango uko wazi, nenda zako!"

"Nitamwachaje bwana bila mpishi?" akajibu.

Mavuno ya pili, mwiko ukarudia.

"Akipatikana mwingine," akajibu.

Mavuno ya tatu mwiko ukanyamaza, maana mpishi mwingine alikuwa amekwisha kuja. Mwanakombo akamkabidhi jiko, akafunga kanga zake, akaenda kuaga. Zimwi likamshukuru mno kwa uaminifu wake, kisha likamgeukia yule mgeni: "Haya, anza na huyu."

Chungu kilipotokota, mwiko ukamwambia mgeni, "Mlango uko wazi."

"Ngoja kwanza nyama iive," akajibu, huku akikoroga.

Hadithi yangu imeishia chunguni.