Kwa Nini Jembe la Kwanza Husubiri Jibu

Nyinyi mliosoma mpaka vyeti vikajaa kabatini, hebu nyamazeni kidogo. Mimi niliacha shule darasa la tano, tena niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Lakini hili la kwa nini hapa kwetu mlimani kaburi halichimbwi mpaka majina yaitwe, hakuna wa kunizidi kulieleza.

Zamani hizo kila ukoo ulichimba makaburi yake. Msiba ukitokea, mtu wa nyumba ile alipiga pembe, na watu wa ukoo wake wakaja na majembe. Wengine walibaki kwao wakimenya viazi. Hawakuona ubaya wowote.

Sasa palikuwa na mtu akiitwa Mghanga. Alipanda huku peke yake kutoka nyika, baada ya ukame kuwamaliza watu wake wote. Akajenga kibanda juu kabisa kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi hufika kwa kulazimishwa. Alikuwa na jembe moja na chungu kimoja.

Siku moja mjane aitwaye Wakesho akapiga pembe. Marehemu mumewe naye alikuwa mgeni, hana ukoo. Mama wa watu akapiga mpaka midomo ikavimba. Aliyekuja ni Mghanga tu, akachimba kutwa nzima.

Kuanzia hapo, pembe ikilia popote, Mghanga alitangulia. Vijana wakamtania.

"Wee Mghanga, nani kakualika? Au umefuata ugali wa matanga?"

"Ugali wenu wenyewe mbichi," akawajibu, huku anachimba.

Lakini Wakesho alipomuuliza taratibu, alisema kweli. "Mama, mimi sina wa kunipigia pembe. Nachimba ili siku yangu ikifika, mtu anikumbuke."

Miaka ikaenda. Watu wakamzoea hata kaburi likawa halianzwi bila yeye. Na kibandani kwake? Hakuna aliyewahi kupanda, hata kuomba moto.

Kisha pembe ikalia kwa kina Mwadime. Watu wakakusanyika, wakamngoja Mghanga. Jua likapanda.

"Mzee leo kalala," mmoja akasema. "Vya bure vimemchosha."

Wakacheka. Wakesho hakucheka. Akashika njia ya mawe, nao wakamfuata wakinung'unika.

Jembe lilikuwa limeegemezwa mlangoni, limenolewa. Buibui alikuwa ameshafuma utando kutoka mpinini hadi ukutani. Mghanga alikuwa ndani, amekufa siku nyingi. Pembe hupigwa na mtu wa nyumbani, na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine.

Siku hiyo yalichimbwa makaburi mawili. La Mghanga walilichimba watu wa koo zote, wakisukumana kugombea nafasi. Mwenyewe hakuwapo kuona.

Na tangu siku hiyo, kwetu kaburi ni la wote, na jembe la kwanza halishuki mpaka kila anayeishi peke yake aitwe kwa jina, naye aitikie. Mmoja akikosa kuitikia, majembe huwekwa chini, watu wakaenda kwake kwanza. Na ukitazama vizuri, hao wanaoitwa ndio hufika mapema kuliko wote.

Mimi, tangu bibi yangu afariki, huitwa wa pili. Mnanicheka eti naitikia kama fahali. Chekeni tu. Bora msikie.